Alama Arobaini na Moja

Sogezeni viti karibu, wanangu, Karin huku na Dale huku, na mniache niseme mpaka mwisho, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kubishana. Nyumba ni yenu wawili, mgawane bila kupelekana kwa wanasheria. Gari la marehemu baba yenu achukue Dale, cherehani achukue Karin. Na ile miswada iliyo chini ya kitanda, hadithi zangu kumi na moja za mapenzi ambazo hakuna mhariri wa New York aliyezitaka, ichomeni. Usinitazame hivyo, Karin. Ichomeni.

Sasa neno lenyewe. Rafiki yangu Verna yuko chini jikoni, nasikia anawachekesha wajukuu wangu, na najua mmemwomba aseme maneno siku ya mazishi yangu. Atasema, na kanisa zima litalia, kwa sababu Verna ndiye mwandishi. Vitabu ishirini na tatu vya mapenzi, hata pale duka la dawa, wanakouza na vitabu, vimepangwa rafu ya mbele. Namwonea wivu. Naam, mmesikia vizuri: nimemwonea wivu miaka thelathini na minne, nikila naye, nikicheka naye, nikimkumbatia kila kitabu kilipotoka huku roho inaniuma.

Na mimi ndiye niliyemwingiza! Alikuwa akifua mashuka ya hospitali nilipompeleka kwenye chama chetu cha waandishi wa mapenzi, wanawake kumi na wawili wa Minnesota katika chumba cha chini cha kanisa, tukinywa kahawa nyepesi na kusomeana mabusu ya kwanza. Nilikuwa mwenyekiti. Nilimfundisha kupanga sura, nikamfundisha kumwandikia mhariri. Kila mwaka tulikuwa na shindano la wale ambao hawajachapishwa: unatuma sura tatu bila jina, waamuzi watatu wanazipa alama, na kazi ya mshindi inapelekwa New York. Mwaka ule nilikuwa mwamuzi, na bahasha niliyopewa ilikuwa na sura za Verna. Nilizijua kwa mstari wa kwanza, kwa kuwa alikuwa amenisomea mezani pangu. Kanuni ilitaka niirudishe na kusema, huyu namjua. Sikuirudisha.

Zilikuwa nzuri, wanangu. Zilikuwa nzuri kuliko chochote nilichowahi kuandika, na mwenyewe hana habari. Nikampa arobaini na moja kwa mia. Nikapiga taipureta, mwandiko wangu usijulikane: "Mwanamume wa hadithi hii ni gogo. Hacheki, haombi radhi, hajui hata kuosha sahani. Ni dhahiri mwandishi huyu hajawahi kupendwa." Nilijua mumewe amemkimbia. Nilijua pa kumchoma.

Sasa cheka, Dale, wewe unayependa vichekesho. Chama kilikuwa na kanuni kwamba alama ya chini kabisa inatupwa, asije mwamuzi mmoja mwenye roho mbaya akamharibia mtu. Kanuni hiyo niliitunga mimi, mwaka uliotangulia, nilipodhani kuna mtu amenionea! Kwa wivu niliisahau kabisa. Alama yangu ikatupwa, Verna akashinda.

Lakini karatasi za maoni hazikutupwa, alirudishiwa zote tatu. Akaja na ile yangu mpaka jikoni kwetu, analia. "Ardis, hebu nisomee wewe, mimi siwezi tena." Nikamsomea maneno yangu mwenyewe kwa sauti. Baba yenu alikuwa kwenye sinki, mikono ya shati ameikunja, anaosha sahani kama kawaida yake. Akageuka, akamwekea kikombe mbele yake. "Achana naye huyo, Verna. Aliyeandika hivyo ana shida zake. Kunywa kahawa." Verna akamtazama, akaitazama karatasi, akasema polepole, "Lakini kasema kweli, Einar. Mwanamume wangu haoshi sahani."

Akaenda akamwandika upya. Mnamjua mwanamume huyo, wanawake wa nchi nzima wanamjua: mpole, maneno machache, mikono ya shati imekunjwa. Baada ya wiki sita mhariri akapiga simu. Hakukuwa na kitu kati yao, namjua baba yenu, na afadhali kingekuwepo, ningekuwa na la kumlaumu. Nilikaa na mtu huyo miaka arobaini, yeye kwenye sinki, mimi mezani nimempa mgongo, naandika makabaila wa Uingereza na farasi wao. Verna alimwona siku moja tu akajua ni nani.

Na kila akihojiwa humshukuru yule mwamuzi asiyemjua. "Huyo ndiye aliyenifanya mwandishi," husema, nami nipo kiti cha mbele napiga makofi. Mara ngapi nimetaka kusimama niseme, ni mimi! Ningesemaje hilo bila kusema na lile jingine, kwamba nilitaka kumwangusha?

Nakala ya karatasi ile imo ndani ya Biblia yangu. Nilipanga mumpe mkishanizika, kwa sababu najua nikimpa ningali hai atanisamehe papo hapo, tena kwa machozi, na siwezi kuvumilia anishinde hata kwa hilo. Basi... Ngojeni. Nipeni maji.

Wasikieni watoto huko chini, wametulia tuli, anawasimulia kitu. Nikimwachia karatasi, na haya atayasimulia yeye. Atayapamba, atanitafutia mahali pazuri, atoe kitabu cha ishirini na nne. Hapana, jamani. Haya ni yangu. Nina hadithi moja tu nzuri maishani mwangu, na mwanamume aliyemo alikuwa wangu. Nitaisimulia mwenyewe, yeye akae hapo asikilize.

Mungu awabariki, wanangu. Awape macho... ya kuwaona walio nyumbani mwenu wangali hai. Dale, ninyanyulie mto. Hapo, hapo panatosha. Karin, kamwite Verna, apande peke yake. Kimbia, mama, sauti inakwisha, na sijaanza.