Jino Lililotulia

Kwenye bajaji ya Mchafukoge nilikaa katikati ya wanawake wawili wasiojuana. Mmoja, muuza vitenge, alikuwa akijisifu: “Daktari kanipa dawa ya predinisoloni, jino limetulia. Nirudi kutobolewa, nina wazimu?”

“Hiyo imetuliza uvimbe wa ndani ya jino tu, mama,” alisema yule wa pili, dada wa duka la dawa. “Kakupa upumue mpaka siku ya matibabu. Ugonjwa bado upo.”

“Umeingia kinywani mwangu lini?”

“Meno ya hivyo huja dukani kwangu yakilia.”

Nilimuunga mkono kimoyomoyo, maana kwa sauti nisingethubutu. Kwenye pochi nilikuwa na vidonge vya dawa hiyo hiyo, na miadi ya daktari wa meno asubuhi ile ile.

Bajaji ikasimama mbele ya kliniki ya meno. “Nani anashuka?” aliuliza dereva. Muuza vitenge akatazama pembeni. Nikamhurumia kwa woga wake, nami nikabaki nimekaa.