Taimi Rautio Aliagiza Lisomwe

Wapendwa, tuliongoja kumzika Taimi tangu Februari hadi ardhi iliyoganda kwa baridi ilipoyeyuka na kuchimbika, asanteni kwa kufika leo, Jumamosi tarehe 13 Mei 2023. Anayesoma ni Elina, bintiye wa pekee. Marehemu aliacha agizo moja, akalirudia mara tatu: kosa lake lisomwe mbele ya watu, na neno lisipunguzwe. "Msipolisoma nitarudi," alisema, na anayemjua Taimi anajua kwamba angerudi kweli. Basi litasomwa, zamu yake ikifika.

Taimi Sofia Kinnunen alizaliwa tarehe 9 Machi 1942 kijijini Alapelto, karibu na mji wa Hancock, Michigan. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Onni Kinnunen, fundi wa saa, na mkewe Hilja. Baada yake alizaliwa Arvo, aliyeketi hapa mbele na fimbo yake.

Alianza shule Alapelto mwaka 1948 akijua Kifini tu, akakaa muhula mzima bila kufungua mdomo. Mwalimu alimwona mzito, mpaka saa ya darasani iliposimama na yule mtoto bubu akapanda juu ya kiti akaitengeneza. Alimaliza sekondari Hancock mwaka 1960.

Mwaka huohuo aliajiriwa kwenye duka la cherehani mjini, akazitengeneza kwa miaka thelathini na minane. Lakini wengi mliopo mlimjua kwa kazi ya pili. Kila vuli, kabla ya msimu wa kuwinda kulungu kufunguliwa tarehe 15 Novemba, meza yake ya jikoni ilijaa bunduki za watu waliotaka vifyatulio vibadilishwe au virekebishwe. Masharti yake mnayakumbuka, maana kila mmoja wenu aliwahi kufokewa. Risasi zibaki garini. Komeo, kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia, litoke kwanza, na chemba ya risasi ichunguzwe kwa jicho na kwa kidole. Kifyatulio kilicholika hakipigwi tupa, kinatolewa na kuwekwa kipya. Skrubu inazungushwa robo tu, halafu uzito wa kukivuta kifyatulio unapimwa kwa mizani ya samaki, na chini ya ratili tatu na nusu hashuki hata umlilie. Kisha bunduki tupu inakokiwa na kugongwa kitako juu ya zulia la mpira, tena na tena. Ikijifyatua yenyewe, kazi inaanza upya. Akiridhika, aliipaka skrubu tone la rangi ya kucha, ajue nani kaichokonoa nyuma ya mgongo wake.

Reino Rautio alimjua kwa kufukuzwa. Ilikuwa Oktoba 1962, naye alikuja na bunduki ya marehemu baba yake.

"Risasi ziko wapi?" Taimi aliuliza.

"Nimeziacha nyumbani, dada."

"Fungua tuone."

Reino akavuta komeo, na risasi moja ikaruka ikatumbukia kwenye kahawa ya Mzee Onni.

"Toka nje!"

"Dada, nilidhani haina kitu."

"Kudhani ndiko kunakoua watu. Toka!"

Kesho yake alirudi na bunduki tupu na samaki wa kukaushwa kwa moshi. Mzee Onni alimla yule samaki, akajifuta mdomo, akasema, "Huyu anafundishika." Walifunga ndoa tarehe 20 Juni 1964, na mwaka 1967 wakampata Elina.

Sasa ndipo pale alipoagiza.

Novemba 1974 Taimi alimwekea mumewe kifyatulio kipya. Alipima, aligonga, kila kitu kilikuwa sawa. Kisha, kwa mapenzi tu, kwa kuwa ilikuwa bunduki ya Reino, akatia matone mawili ya mafuta ya cherehani. Jikoni jiko lilikuwa linawaka na mafuta yalikuwa mepesi. Asubuhi ya tarehe 15 huko porini baridi ilikuwa ya kukata masikio. Reino aliingiza risasi, akasukuma komeo, na bunduki ikalia. Risasi ilipita kwenye buti la Arvo, aliyekuwa naye, na kuondoka na vidole vitatu vya mguu.

Watu walisema Reino alikuwa na kidole kwenye kifyatulio. Yeye mwenyewe, na zile glavu zake nene, hakuweza kuapa kwamba hakukigusa. Tangu siku hiyo wawindaji walimwita Reino Kidole, wakamweka mwisho wa mstari. Kila Krismasi alimpelekea Arvo kuni alizopasua mwenyewe, na kila Krismasi alimwomba msamaha.

Kesho yake baada ya ajali Taimi aliiacha ile bunduki tupu barazani saa kadhaa kwenye theluji. Kisha akasukuma komeo. Pini inayoipiga risasi ikaanguka bila mkono wa mtu kugusa kifyatulio. Akarudia mara mbili, ikaanguka tena. Mafuta yalikuwa yameganda, na jino la ndani linaloizuia pini halikushika. Tangu hapo kila bunduki aliitengeneza kavu, akailaza barazani usiku kucha kabla ya kuipima mara ya mwisho, nanyi mkamcheka kwamba anazilaza nje kama mbwa. Sababu hakumwambia mtu. Aliogopa, akaona haya, na kila mwaka uliopita uliifanya haya kuwa kubwa zaidi.

Oktoba 2022 alipatikana na saratani ya kongosho, akachagua kuuguzwa nyumbani. Januari alimwita mumewe, Elina akiwepo.

"Reino, siku ile hukukigusa."

"Kugusa nini?"

"Kifyatulio. Yalikuwa mafuta yangu. Nilijua kesho yake."

Reino alitoka, akapasua kuni muda mrefu, akarudi na supu ya samaki.

"Nimekasirika, Taimi. Na kesho nitaamka nimekasirika."

"Una haki."

"Miaka arobaini na minane, jamani!"

"Najua."

"Kunywa supu, inapoa."

Hasira zilidumu siku tisa. Siku ya kumi alisogeza kitanda chake kando ya kile cha mkewe. Arvo alipopigiwa simu na kuelezwa alisema, "Kumbe kuni zote zile nimezichoma kwa dhuluma!" Akalia.

Taimi alifariki Alhamisi tarehe 2 Februari 2023, saa mbili asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Reino. Alikuwa na miaka themanini.

Ameacha mdogo wake Arvo; bintiye Elina na mkwewe Dale; wajukuu wawili, Kaisa na Henrik; na mumewe, Reino Rautio, ambaye asubuhi ya tarehe 15 Novemba 1974 hakugusa kifyatulio.

Baba, simama wakuone.

Mama, limesomwa. Sasa pumzika kwa amani.