Paa la Bi Zuwena

Sifa kwa Bwana aliyetukutanisha Ijumaa hii tena, wapendwa! Nawasalimu nyote, mlioketi mbele na ninyi wenzangu wa viti vya nyuma karibu na mlango. Kwa wasionijua, naitwa Kazungu, Baba Furaha, mtu wa Kilifi, na kazi yangu tangu ujana ni kuezeka. Nimeezeka makuti, nimeezeka mabati, nimelaza boriti kwenye nyumba za matajiri na za maskini wenzangu. Leo nataka kuwaeleza jinsi Mungu alivyonirudisha juu ya paa. Nitaeleza polepole, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na haraka.

Ndugu zangu, wengi mnakumbuka nilivyoanguka. Tulikuwa mtaa wa Azaiba, hapa hapa Oman, tunaezeka kibanda cha magari, mimi juu na mwenzangu chini ananipandishia mabati. Kwetu anayepandisha haachii mpaka aliye juu aseme "achia". Tumelelewa hivyo, hata ukipandishiwa ufito mmoja, yule wa chini anangoja neno lako. Hapa Muscat kazi moja ina watu wa lugha nne, na kila mtu huachia anapoona imefaa. Mwenzangu aliachia kabla sijashika vizuri, upepo ukaingia chini ya bati, bati likanichukua na mimi. Niliangukia rundo la mchanga nikavunjika mfupa wa bega, basi. Daktari alisema nina bahati. Mimi nilijua ni nani aliyeuweka ule mchanga pale.

Bega lilipona, lakini mwenye bega hakupona. Siku niliyorudi kazini niliweka mguu kwenye kipandio cha kwanza cha ngazi, magoti yakaanza kutetemeka, jasho likanitoka, nikashuka. Kesho yake vivyo hivyo. Ilifika mahali nikawa siwezi kupanda hata kiti kubadilisha taa ya chumbani. Mama Furaha aliniambia kwa simu kwamba basi nitafute kazi ya kuchimba visima. Tulicheka wote wawili, na nilipokata simu nikalia kama mtoto.

Ninyi hapa mlifunga na kuniombea, Mungu awabariki. Mliniwekea mikono, na mzee wetu wa kanisa, ambaye nampenda na namwona pale anatabasamu, akatangaza kwamba ndugu Kazungu ameponywa. Mkapiga vigelegele! Mimi mwenyewe habari hizo nilikuwa nazisikia kwa mara ya kwanza. Jumamosi yake nikasimama chini ya ngazi nikiwa na imani yangu yote, na magoti yakatetemeka kama jana na juzi. Siku hiyo niliumia zaidi ya siku niliyoanguka. Nilijiambia kwamba Bwana anasikia maombi ya watu wote wa ushirika huu, ila akifika kwangu anapita.

Msimamizi wetu wa kazi, Mhindi mmoja mpole sana, alinivumilia kadiri alivyoweza. Akanipa kazi za chini, kuchanganya saruji, kubeba, kufagia. Mwishowe akaniita pembeni akaniambia ukweli. Kampuni haiwezi kukaa na fundi wa paa asiyepanda, na kazi inayofuata, ya kule pwani ya Qurayyat, ndiyo ya mwisho atakayoweza kunificha. Baada ya hapo itabidi nirudi nyumbani. Ndugu zangu, kurudi nyumbani hakukuwa aibu kwangu, nyumbani ni kwetu. Nilichokiogopa ni kwamba hofu ile nayo ingepanda ndege pamoja nami. Sina kazi nyingine ninayoijua. Paa ndilo linalosomesha watoto wangu, na kama siwezi kupanda Muscat, hata Kilifi sitapanda.

Basi tukaenda Qurayyat. Nyumba ilikuwa ya mama mtu mzima, Bi Zuwena, Mwarabu aliyezaliwa Unguja na kuletwa huku angali msichana. Mwembamba, kanga kichwani, macho makali, na Kiswahili chake kitamu hata nikasahau nipo nchi ya watu. Kutwa alikaa uani kwenye kiti cha plastiki na birika lake la kahawa. Chumba chake cha kulala kilikuwa kimeezekwa zamani na baba yake kwa boriti za mikoko zilizotoka pwani yetu ile ile. Mchwa walikuwa wamezila, udongo wa darini unamwangukia kitandani. Watoto wake walitaka kumwaga zege. Yeye akakataa katakata, akasema amelala chini ya boriti maisha yake yote na chini ya boriti ndiko kwenye ubaridi. Mwanawe mkubwa, Salim, akatafuta mpaka akapata boriti nzima nzima kutoka nyumba nyingine kuukuu iliyokuwa inavunjwa.

Wenzangu walikuwa wameshalitoa paa la zamani, kuta zimebaki wazi. Aliyekuwa juu ni Rafiq, kijana hodari kutoka Bangladesh, ila mikono yake imezoea zege, boriti hakuwahi kulaza. Mimi nilikuwa chini nakanda udongo. Bi Zuwena hakuchelewa kunigundua. Aliniita, akanimiminia kahawa, akasema, "Nnakuona unavyoitazama ngazi ile, mwanangu. Umeanguka lini?"

Nikamweleza yote. Nilidhani atanipa pole, au ataniombea dua kwa dini yake, kwa maana ni Mwislamu safi mwenye kuswali. Hakufanya hivyo. Alikunywa kahawa yake, akatazama juu, kisha akasema, "Mie magoti yangu hayapandi tena. Kaa pale kwenye ngazi, chini chini hapo, unambie wanakifanya nini chumba changu."

Ngazi yenyewe ilikuwa ya mawe, imejengwa nje kuegemea ukuta, haina pa kushikia. Nilikaa kipandio cha chini, mahali ambapo hata mtoto anayetambaa angekaa. Ningemkatalia vipi mama mtu mzima? Msimamizi naye hakuwa na neno, mwenye nyumba akishasema. Nikamwambia wanalaza boriti ya ukutani. Akauliza imekaa juu ya jiwe au juu ya udongo. Nilipokaa sikuweza kuona, nikasogea kipandio kimoja juu. Akauliza na ya pili imeachana na mwenzake kiasi gani. Nikasogea tena. Hivyo ndivyo tulivyokwenda, yeye anauliza na mimi nasogeza makalio. Wakati wa adhana ya adhuhuri alikwenda kuswali, na mimi nikabaki pale nilipo, nikamwambia Bwana kwamba hapa nilipo sijatetemeka, ahsante, siombi zaidi.

Siku zikaenda namna hiyo. Nilikanda udongo, akiniita naacha koleo, napanda kidogo, namwambia. Nikafika kipandio cha juu kabisa, nikawa namwona Rafiq kazini. Na hapo ndipo nikaona jambo ambalo mtu wa pwani hawezi kuliona akanyamaza.

Boriti ina shina na ina ncha. Shina ni nene, ncha ni nyembamba. Ukilaza moja shina huku, inayofuata unageuza, shina linakwenda upande wa pili, na kwa kupishana hivyo dari linakaa sawa. Rafiq alikuwa ameweka mashina yote upande mmoja. Nikamwita, nikamwonyesha kwa mikono. Akatabasamu na kuitikia kwa kichwa, akaweka nyingine vile vile. Nikaita tena, bure. Basi nikajivuta kutoka kwenye ngazi, nikakaa juu ya zile boriti za mwanzo, miguu imening'inia huku na huku, nikashika moja ya zile alizozikosea tukaigeuza pamoja, kisha nyingine kwa kupishana. Kutoka uani nikasikia sauti ya Bi Zuwena, tulivu kabisa, kama anayemwambia mtu aongeze chumvi kwenye mchuzi.

"Usisimame. Kaa hivyo hivyo, uendelee."

Nikakaa hivyo hivyo. Rafiq alishuka kunipandishia, nikamfundisha neno letu: haachii mpaka niseme "achia". Alilishika upesi, na baadaye alikuwa analisema hata akinipa kikombe cha chai. Boriti inapanda, naishika, naiweka shina huku, nasema achia, najivuta juu yake, nangoja nyingine. Ndugu zangu, sikilizeni jambo hili, kwa sababu mimi lilinipita kwa miezi mingi. Nyuma yangu palikuwa pamekwisha kuwa dari. Mbele yangu palikuwa wazi, lakini sikutakiwa kwenda mbele zaidi ya boriti moja, na boriti yenyewe nilikuwa nimeishika mkononi!

Bi Zuwena alipoita kwamba chakula tayari, nikageuka. Ngazi ilikuwa mbali, upande wa pili wa chumba. Naona vichwa vya mitende, naona mashua zilizovutwa ufukweni, naona kanga ya Bi Zuwena ndogo kule chini. Na hofu ikaja. Sitawadanganya mbele za Mungu, ilikuja, magoti yakaanza. Lakini nilikuwa nimekaa, magoti hayakuwa na kazi. Nikafumba macho nikasema, "Bwana, hapa nilipo panatosha." Nikangoja. Ikanipitia, ikapungua. Nikarudi kwa makalio mpaka kwenye ngazi, nikashuka, nikala wali na samaki mpaka Rafiq akanicheka.

Tangu hapo nikawa wa juu. Tulipomaliza boriti, tulifunga juu yake fito za mtende kwa kamba, juu ya fito tukatandika mikeka, juu ya mikeka udongo. Udongo hushindiliwa kwa kupigwa, na mtu hawezi kuupiga akiwa amekaa. Asubuhi ile ya udongo nilisimama. Hakukuwa na radi, hakukuwa na sauti kutoka mbinguni, na mimi sikupiga kelele. Nilisimama tu nikaanza kazi, na machozi yalinitoka hata sikuona ninapopiga.

Kazi ilipokwisha, msimamizi aliniuliza kama nitapanda kazi ijayo, nikamwambia nitapanda. Salim, mwanawe Bi Zuwena, ndiye aliyeturudisha Muscat kwa gari lake. Njiani nikamsifu mama yake, nikasema inasikitisha kwamba magoti yamemnyima kwenda kuliona paa lake mwenyewe.

Salim akanitazama kidogo, akarudisha macho barabarani. "Mama? Mama anapanda ngazi ile kila asubuhi akatizame bahari. Wiki zote hizi, kabla hamjafika kazini, alikuwa juu anazikagua boriti zake moja moja."

Tulipoingia mjini nikamwomba namba ya mama yake. Nilipompigia Bi Zuwena simu kumshukuru, aliniambia hanielewi nasema nini. Halafu akauliza nitakwenda lini kumpakia chokaa ukuta wa jikoni kule juu, maana yeye, magoti yake hayapandi popote.

Wapendwa, mimi nilikuwa namngoja Mungu aniinue mara moja, mbele yenu, watu wapige vigelegele. Na maombi yenu hayakupotea hata moja, mzee wangu, yalijibiwa Qurayyat, uani kwa mama wa Kiislamu mwenye birika la kahawa. Aliziona boriti zake zote, na bado aliketi juani siku baada ya siku akiniuliza zimekaaje. Nikikumbuka hilo najua nilivyopendwa, na najua na nani. Jina lake lihimidiwe!

Kesho tunaanza paa jingine Qantab, na mimi ni wa juu. Hofu huja mara moja moja. Ikija nakaa, nangoja, naendelea. Kama yupo kati yenu aliyesimama chini ya ngazi yake leo, iwe ngazi ya kazi, ya ndoa, au ya ugonjwa, asione aibu kukaa kipandio cha chini. Mtegemee Bwana hapo hapo chini. Na akikuuliza kuna nini huko juu, sogea kidogo umwambie, hata kama unajua yeye ameshaona.