Parul Karanjai, Aliyecheza na Nusu ya Meza

Leo ni Jumapili, tarehe kumi na tisa Januari. Asubuhi hii Siliguri imeamka ndani ya ukungu mzito. Kutoka dirisha la studio siuoni hata mti ulio ng'ambo ya barabara. Baridi imetufunga vichwa kwa skafu, na wauza chai wamewasha majiko mapema. Wasikilizaji wapendwa, jisogezeni karibu na redio. Nimeanza siku kwa sala. Nimemwomba Mungu anipe maneno ya kweli, kwa sababu leo tunamkumbuka mtu ambaye mji huu ulimsema vibaya kwa miaka thelathini na mmoja.

Jina lake ni Parul Karanjai. Tulimwita Paruldi, yaani dada Parul. Alikuwa mchezaji wa mpira wa meza. Alifariki Jumatatu, tarehe sita mwezi huu, akiwa na miaka sitini na mitatu. Mdogo wake wa kiume, Shibu, alikuwa naye nyumbani. Dada yake alikuwa amekaa kibarazani akiota jua na kumenya chungwa.

"Niliingia ndani kumchukulia chumvi," Shibu aliniambia. "Dada hali chungwa bila chumvi. Nilipotoka, chungwa lilikuwa limeshamenywa lote, na yeye ameshaondoka."

Parul alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba yake alikuwa fundi wa njia. Karibu na nyumba yao palikuwa na ukumbi wa wafanyakazi, na ndani yake meza tano. Akiwa na miaka tisa, Parul alikuwa akiwaokotea mipira wanaume waliotoka kazini. Akipata nafasi ya kucheza, walimpiga mipira ya nguvu ili aondoke haraka. Hakuondoka. Alirudi nyuma hatua tatu, akaikata mipira ile kwa chini, ikarudi mezani polepole kama imechoka. Hivyo ndivyo alivyokuwa mchezaji wa kulinda.

Mungu alimpa kipawa kingine pia. Alikuwa akikutazama unavyocheza kwa dakika tano tu, kisha anacheza kama wewe. Alikuwepo karani mmoja wa posta aliyekuwa na tabia ya kukohoa kabla ya kuanzisha mpira. Siku moja Parul, na miaka yake kumi na miwili, akaanzisha mpira kama yeye, kikohozi na vyote. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Huyu mtoto ananidhihaki!" karani akafoka.

"Hakudhihaki, bwana," mtu akamjibu. "Anakuonyesha kwa nini unafungwa kila siku."

Wasikilizaji wapendwa, kipawa kile ndicho kilichompeleka kwenye kambi ya timu ya taifa, na ndicho kilichomfungia mlango. Sikilizeni vizuri hapa. Mwaka themanini na tatu, Parul aliitwa kambini. Hakuitwa kucheza. Aliitwa kuchezewa. Kazi yake ilikuwa kuwaiga wapinzani wa nje, ili wasichana wa timu wawazoee kabla ya kusafiri. Kocha wa kambi, bwana Mrinal, alikuwa akimbandika karatasi mgongoni yenye jina la mpinzani. Siku nzima aliitwa kwa jina hilo.

"Leo wewe ni Mkorea," kocha alikuwa akimwambia. "Hata chai kunywa Kikorea!"

Wasichana walicheka. Naye alicheka. Kambi ilipokwisha, wao walipanda ndege. Yeye alipanda treni kurudi Siliguri, kwenye dirisha lake la kukatia tiketi stesheni. Miaka kumi na mmoja ilikuwa hivyo. Nasema tena, miaka kumi na mmoja. Alitaka kitu kimoja tu: acheze mara moja kwa ajili ya India, kwa jina lake mwenyewe. Kila mwaka aliambiwa mwakani.

Katika kambi hiyo alikuwemo binti mwingine wa Siliguri, Rumela Bagchi. Alikuwa mdogo kwa Parul kwa miaka minane, na alikuwa mpigaji hodari. Walipendana. Rumela alikuwa akiingia ukumbini akiuliza kwa sauti, "Mchina wangu yuko wapi? Ameshakunywa chai?" Parul alikuwa akimjibu, "Mchina wako yuko huku, mvivu wewe. Jua limetoka tangu lini?"

Rumela alikuwa na mpira anaoupenda. Uwe umeinuka kidogo, upande wake wa kulia, usawa wa kiuno. Ukimpa huo, hakosi. Ili ajiamini, kocha aliagiza kila zoezi limalizike kwa mpira huo. Alikuwa akisimama pembeni na kupiga kelele, "Mpe, Parul! Mpe!" Na Parul alimpa. Asubuhi mara mia, jioni mara mia.

Sasa tufike Januari ya mwaka tisini na nne. Safari hiyo nafasi ya mwisho kwenye timu iliamuliwa kwa mechi, na mechi ilichezwa hapahapa mjini. Parul Karanjai dhidi ya Rumela Bagchi. Parul alikuwa na miaka thelathini na miwili. Kila mtu alijua kwamba hatapata nafasi nyingine. Watu walisimama juu ya viti. Nami nilikuwemo, nimebanwa mlangoni.

Seti mbili kwa mbili. Wakati ule seti ilikuwa ya pointi ishirini na moja, na ushindi ni wa kuzidi kwa pointi mbili. Seti ya tano, Parul akafika ishirini, Rumela kumi na tisa. Ilibaki pointi moja. Rumela akapiga, Parul akakata. Akapiga, akakata. Nilihesabu mipira kumi na minne. Mpira wa kumi na tano ukamvuta Rumela mpaka akapiga goti kwenye kona ya kushoto. Upande wa kulia wa meza ukabaki wazi kabisa. Parul angeusukuma mpira wowote pale chini, karibu na wavu, yangekuwa yamekwisha.

Akauinua. Ukapanda polepole, ukaenda upande wa kulia, usawa wa kiuno. Rumela alikuwa na muda wa kusimama, kugeuka na kuupiga.

Ishirini kwa ishirini. Pointi mbili zilizofuata zilikwenda haraka, na Parul alicheza kama mtu aliyeamshwa usingizini. Rumela akashinda, akaenda kwenye mashindano, akarudi na medali. Tukampokea kwa ngoma na maua.

Mwezi uliofuata, Parul alipandishwa cheo pale stesheni, ingawa alibaki kwenye dirisha la tiketi. Ilikuwa zamu yake kwa miaka ya kazi. Lakini mji ulishaona mpira ule. Watu wakaunganisha hiki na kile. Kwamba mjomba wa Rumela ni mkubwa kwenye ofisi ya reli. Kwamba Parul amebadilisha mechi kwa cheo. Kwamba ameuza.

Shibu alimuuliza dada yake mara moja tu. "Nilimwambia, dada, niambie mimi, kwa nini uliuinua? Akanitazama. Akasema, 'Mkono ulitangulia, Shibu. Ulisikia mpe, mpe. Nilipoushika mkono, mpira ulishaondoka.'"

Wasikilizaji wapendwa, hilo ndilo lililotokea. Mkono uliofundishwa miaka kumi na mmoja kumpa mwenzake, ulimpa mwenzake. Hakuna kingine. Lakini ungelielezaje jambo hilo kwa mji uliokwisha kuamua?

Parul alirudi kwenye ukumbi wa reli. Siku ya kwanza aliingia na raketi yake na kuuliza nani atacheza naye.

"Meza zimejaa, Paruldi," mmoja akamwambia. Meza tatu zilikuwa tupu.

Mwingine akasema, "Mimi nitacheza, lakini usije ukaniuza na mimi."

Parul alikwenda kwenye meza ya mwisho, ile iliyo karibu na bomba la maji. Meza zile zinakunjwa katikati. Alisimamisha nusu moja ikawa ukuta, akaanza kucheza na ukuta huo. Aliupiga mpira, ukuta ukaurudisha. Alifanya hivyo kesho yake, na kesho kutwa. Kila siku saa kumi na moja jioni, akitoka kazini, miaka yote mpaka alipostaafu. Hakuolewa. Walikuja watu mara mbili kuuliza habari zake kwa mama yake. Walisikia maneno njiani, hawakurudi.

Jirani mmoja aliniambia kwamba mlio wa meza yake haukufanana na wa nyingine. Watu wawili wakicheza, mlio huenda na kurudi, na katikati kuna vicheko na matusi. Wake ulikuwa mlio wa mtu mmoja. Haukuwa na maneno ndani yake.

Na mimi nina langu la kukiri. Mwaka ule ule nilisimama kwenye foleni ya tiketi, dirisha lake. Nyuma yangu walikuwepo vijana wenzangu. Nilitaka wacheke. Nikamwambia, "Paruldi, hii siti umenikatia, au umeshamuuzia mtu?" Wakacheka. Alinigongea mhuri, akanisogezea tiketi kwa vidole viwili. "Safari njema, kaka," akasema. Nimemwomba Mungu msamaha mara nyingi kwa neno lile. Yeye sikumwomba. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja ya kwenda kumwomba, ni mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu, na sikwenda.

Kwa familia ya Karanjai, kwa mama yake Labanya, ambaye ana miaka themanini na saba, na kwa Shibu, tunatoa pole kutoka moyoni. Mungu aipokee roho ya Parul mahali ambapo hasemwi vibaya tena. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, leo mkikaa na chai yenu, mfikirieni mtu mmoja. Kila mji una mmoja ambaye habari zake tunazijua kwa kusikia, na hatujawahi kumuuliza mwenyewe. Kama bado yu hai, mkamuulize. Nendeni leo, ukungu ukiinuka.

Nimalizie kwa yaliyotokea Alhamisi.

Ilikuwa siku ya kumi na moja, siku ya ibada ya marehemu. Tulikuwa watu kama arobaini ndani ya nyumba yao. Picha ya Parul ilivishwa shada la maua meupe. Kuhani alikuwa amemaliza, na Shibu, kichwa kimenyolewa kwa msiba, alikuwa akigawa chakula. Rumela Bagchi akasimama. Siku hizi ni mtu mkubwa, kila anapokwenda hupewa kiti cha mbele. Alikwenda akapiga magoti mbele ya mama wa marehemu.

"Mama, nina neno."

"Sema kwa sauti. Masikio yangu hayasikii minong'ono."

"Paruldi hakuniuzia mechi ile. Alinipa mpira bila kukusudia. Nilijua palepale mezani. Niliuona uso wake, mama. Aliutazama mkono wake kama si wa kwake."

Shibu alibaki ameshika sahani.

"Na watu walipoanza kusema?" mama akauliza.

"Nilinyamaza. Niliogopa watasema sikustahili kwenda."

"Kila mwaka, baada ya sikukuu ya Durga, unakuja hapa kunigusa miguu kwa heshima. Unakula vitamu vyangu vya nazi. Mwaka juzi ukaomba na vya kubeba. Ulikuwa unavimeza vipi, we Rumela?"

Rumela aliinama amguse miguu. Mama Labanya akairudisha miguu yake chini ya kiti.

"Iache. Binti yangu aliniambia siku ile ile. Unaniletea habari ya zamani. Mimi najua. Wasiojua wako huko nje, kawaambie wao."

Shibu akaweka sahani chini. "Dada Rumela," akasema taratibu, "Jumapili ya tarehe ishirini na sita, Siku ya Jamhuri, mgeni rasmi wa fainali za jimbo si wewe?"

"Ni mimi."

"Watakuwepo wote. Na wa ukumbini pia."

Rumela aliinuka. Akashika ukingo wa mlango. Aligeuka akatutazama sote: mama, Shibu, kuhani, majirani, na mimi niliyekuwa nimekaa karibu na viatu. Kisha akasema kwa sauti, hata wapishi wa uani wakaacha kuosha vyombo:

"Nyote ni mashahidi wangu. Jumapili hiyo, kabla sijamkabidhi mtu yeyote kombe, nitashika kipaza sauti na kusema kwamba Parul Karanjai hakuuza mechi, na kwamba mimi nilijua nikanyamaza. Wakizomea, nitasubiri wanyamaze, kisha nitalisema tena tangu mwanzo."