Sista Phelesia na Kidole cha Mgonjwa

Sista Phelesia Maranga anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitano. Faili lake linasema thelathini na minne. Tumelikagua mara tatu na bado hatujui mwaka mmoja ulipotelea wapi, kwa hiyo tumeamua kumwamini yeye.

Alianzia wodi ya akina mama kule Migori, kisha akaletwa chumba cha upasuaji hapa Homa Bay. Akihesabu vitambaa vya kupangusia damu huimba nyimbo za kanisa lake la Sabato, na madaktari hawajui kama amefika ubeti wa nne au kitambaa cha kumi na nne. Hesabu yake haijawahi kukosea.

Mwaka jana alimpokea mlangoni Magige, mpakiaji wa miwa kutoka Awendo, aliyeumwa miaka minne pale mfupa wa nyonga unapoungana na mwisho wa uti wa mgongo. Angetobolewa tundu dogo tu, kiungo kikazwe kwa vyuma vitatu vyembamba. Fomu ilisema kushoto. Orodha ya upasuaji ilisema kushoto. Sista akamwambia kama anavyowaambia wote kabla ya dawa ya usingizi: "Baba, geuka. Onyesha panapouma, kidole kimoja." Kidole kikatua kulia.

Chumba kizima kilichanganyikiwa. Magige mwenyewe alianza kusema labda ni kushoto kweli, maana karatasi zote zilikubaliana.

"Karatasi haiumwi," Sista alimjibu, akazuia upasuaji mpaka daktari alipompima upya. Kiungo kibovu kilikuwa cha kulia.

Kosa lilikuwa la karani mwenye wiki tatu kazini. Alimwandikisha Magige wakiwa wametazamana mezani; Magige alipojishika panapouma, karani aliuona mkono huo upande wake mwenyewe wa kushoto, akaandika kushoto. Alisubiri barua ya kufutwa kazi. Badala yake Sista alimwita, akamfanya azunguke meza asimame nyuma ya mgonjwa aliyefuata, ili kushoto kwao kuwe kumoja, kisha akaomba fomu iongezwe mstari mmoja: mgonjwa ameonyesha mwenyewe.

Magige alirudi kliniki mwezi Agosti akitembea bila fimbo. Karani yule ndiye aliyeandika wasifu huu, na ameusoma mara nne kuhakikisha kulia ni kulia.

Asante, Sista. Nenda Kendu Bay ukapumzike, uimbe bila kuhesabu chochote. Jumatatu hutakuwa mlangoni, na hilo linatutisha. Lakini meza tutaizunguka.