Dorothée Lotsove, Aliyewasemea Wagonjwa

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika hapa Bigo kulia pamoja nasi, maneno haya yameandikwa na Augustin, mume wa marehemu, na yanasomwa na shemeji yake Bruno, kwa sababu Augustin mwenyewe hangeweza kuyafikisha mwisho.

Dorothée Lotsove alizaliwa Djugu tarehe 12 Mei 1979, akasoma huko shule ya msingi, akapata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari hapa Bunia mwaka 1998, akafunga ndoa na Augustin tarehe 5 Agosti 2000, na Mungu akawajalia watoto wawili, Willy na Ketsia.

Mei 2003, vita vilipoingia hapa Bunia, mume akiwa masomoni Kisangani, Dorothée alikimbilia Uganda na Willy mgongoni, na huko kambini akajifunza Kiingereza sokoni na kwenye foleni ya zahanati, hata akawa ndiye anayewasemea wagonjwa wa kwetu mbele ya waganga, miaka minne, wala hakuna mgonjwa aliyerudi bila kueleweka.

Toka Septemba 2008 alifundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari huko Ngezi, na wanafunzi wake walikizungumza hata njiani. Julai 2015 walimu walipimwa, tume ya watu watatu ikaona kwamba Kiingereza chake ni cha sokoni, akapewa tisa juu ya ishirini, akaondolewa darasani, akawekwa kutunza vitabu. Mmoja wa hao watatu alikuwa mume wake, mwenye lisansi, shahada ya chuo kikuu, ya Kiingereza, naye alitia sahihi. Nyumbani aliendelea kumkosoa, hata Kifaransa chake, hata mbele ya wageni, mpaka Dorothée akazoea kuandika kwanza katika daftari kila neno la kwenda kusema ofisini, akiacha nafasi pembeni ili mume asahihishe.

Homa ilimshika tarehe 1 Februari 2019, mume akiwa Kisangani kusimamia mitihani. Tarehe 8 jirani yake, mama Martine, alimpeleka hospitali, daktari akamuuliza kwa Kifaransa, naye akajibu kwamba ni uchovu tu. Walipotoka mama Martine alimfokea: "Mama Willy, si useme tu mu Swahili, munganga ni mutu wa hapa!" Akajibu: "Pale ni bureau, ofisini ni Kifaransa. Baba Willy atarudi, yeye atanisemea."

Katika simu alimwambia mume kwamba hajambo. Mume alifika tarehe 15 mchana, akamkuta kitandani na daftari lake, mistari sita ya Kifaransa juu ya maumivu ya tumbo, pembeni pameachwa nafasi, akachukua kalamu, akasahihisha maneno mawili, ndipo akamtazama uso. Tifoide, homa ya matumbo, ilikuwa imekwisha kutoboa utumbo. Alipasuliwa jioni ile, akafariki tarehe 18 Februari, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru waganga waliojaribu, majirani wote, mama Martine kuliko wote, na walimu wenzake wa Ngezi.

Dorothée, pumzika kwa amani, huko hakuna wa kukusahihisha.