Uzi wa Kioo na Unga wa Riziki

Citoyen Kamishna wa Zone ya Kasuku, Citoyen Mganga Mkuu, Sheikh na Padri mlioketi mbele, wamama wa soko, ndugu wageni waalikwa: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Mimi ni mkuu wa maabara, si mtu wa majukwaa. Nimeombwa nimuage Citoyen Okito, mkemia wetu anayehamia Kisangani, na nieleze chombo anachotuachia. Nitaanza na chombo, maana hicho hakioni haya kikisemwa mbele za watu.

Ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Mwanga unaingia upande mmoja, unafika nchani, unarudi. Hapo nchani Okito amepaka dawa ya njano. Unga wa muhogo ukilowanishwa, kama bado una ile sumu ya muhogo wenyewe, mvuke wake unaigeuza dawa kuwa kahawia, mwanga unarudi hafifu, na mshale wa mashine inayoupima unashuka. Basi. Uzi haujui unga ni wa nani.

Mnakumbuka mwaka jana, Hadidja, dada yake Bulaimu, alipoamka miguu imekakamaa? Aliyepika nyumbani mule alikuwa Riziki, mke wa Bulaimu. Unga wake ukaletwa kwetu, mshale ukashuka, na Okito akatoka mlangoni akasema, "Mu hii unga iko sumu." Alisema kweli. Lakini ninyi mliojaa uani mlisikia nini? "Tulisema! Njo yeye, Riziki!" Kwenu sumu ni kitu kinachotiwa na mkono wa mtu. Jioni ile ile Riziki alitolewa nje na vyombo vyake.

Okito angeweza kujifungia na mashine yake. Badala yake aliibeba mpaka sokoni, akaomba kila nyumba ilete unga. "Hata ya kwangu?" Sheikh akauliza. "Hata ya kwako, Papa." Unga wa Sheikh ukashusha mshale, wa Padri ukashusha, na wangu, samahani, ulishusha kuliko yote. Kwa nini? Kwa sababu tulisikia treni inakuja kupakia unga wa kwenda mkoa wa Shaba, na mji mzima ukaitoa mihogo majini kabla haijalainika na sumu kutoka. Treni yenyewe haikuja.

Leo mnaloweka mpaka ilainike, na mshale unatulia juu. Miguu ya Hadidja haikupona. Hilo linaniuma, na sitalifunika kwa makofi ya leo.

Tangu siku ile ya soko, kila mtu anasema Riziki hana kosa. Mmelisema ofisini, mmelisema msikitini, mmelisema kanisani. Nani amekwenda kumwambia mwenyewe? Bado anakaa kwa kaka yake kule bandarini, na Okito, anayeondoka kesho, ameniuliza tena asubuhi hii kama Riziki amerudi kwa mumewe.

Citoyen Okito, tunakushukuru, na uzi wako tutautunza. Lakini kazi iliyobaki uzi hauiwezi. Bulaimu, ndugu yangu, umekaa safu ya pili na hujageuka tangu tuanze. Mkeo, niliyemwalika mwenyewe, yuko nyuma, karibu na mlango. Ninashuka jukwaani sasa hivi, ili upate nafasi ya kusimama umwambie mwenyewe.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu.